Uzi: Kutu na hewa ya bahari Mombasa. Toa chumvi kwanza, mafuta yafuate

FundiKibokoni

Assalamu alaikum jamaa, na wengine wote hamjambo.

Kila kusi likianza kuvuma naletewa karakanani patasi, randa, misumeno na mapanga yaliyoliwa na kutu, na wenyewe karibu wote wana kauli moja: "Lakini fundi, mafuta nilipaka." Nawaamini. Walipaka kweli, ila walipaka juu ya chumvi. Nimeona niandike hapa kila mtu asome, maana inaniuma kuona randa ya urithi, yenye chuma ambacho siku hizi hukipati dukani, ikiuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Chuma huingia kutu kikikutana na maji na oksijeni kwa pamoja. Maji si lazima yamwagike. Unyevu wa hewa ukishapita kama asilimia 60, juu ya chuma hutanda utando wa maji mwembamba usioonekana kwa jicho, na hapo kazi imeanza. Sisi hapa kisiwani siku nyingi tuko juu ya kiwango hicho. Sasa ongeza chumvi. Upepo wabeba vitone vya mawimbi, vyakauka njiani, na chumvi yatua kwenye dirisha, kwenye mabati, kwenye kisanduku chako cha vifaa. Tena chumvi ya bahari si sawa na ile ya mezani. Ndani yake mna magnesi kloridi, na hiyo huvuta maji kutoka hewani hata unyevu ukishuka hadi asilimia 33 hivi. Maana yake chuma chenye chumvi hapa kwetu hakikauki. Kifungie kabatini, kizungushie kitambaa, bado kimelowa.

Na mafuta hayayeyushi chumvi. Ukipaka juu yake umeifunika pamoja na maji yake, na kutu yaendelea chini kwa chini huku wewe waona chombo kinang'aa. Kinachoyeyusha chumvi ni maji baridi, namaanisha maji yasiyo ya chumvi. Hapo pia angalieni: visima vingi vya Mji wa Kale maji yake ni ya chumvichumvi, kwa hiyo ukioshea hayo umerudi pale pale. Kingeni ya mvua, au tumieni ya chupa. Chombo kimoja hakihitaji zaidi ya kikombe.

Mie hufanya hivi. Maji yakiwa ya moto, sabuni kidogo, brashi ya meno iliyozeeka, nasugua mpaka kwenye pembe na mianya. Nasuuza kwa maji mengine ya moto, si yale yale. Moto wenyewe wasaidia, kwa kuwa chuma kikipata joto hujikausha. Napangusa, nakiweka kando ya jiko mpaka kiwe kikavu hasa, halafu mafuta napaka kingali na uvuguvugu ili yapenye. Tabaka jembamba latosha, mafuta mengi yanakusanya vumbi la mbao tu na vumbi hunywa unyevu.

Jasho la mikono nalo ni chumvi. Mtu akishika bapa la patasi mchana na kuliweka hivyo hivyo, kesho ataona alama za vidole vyake zimechorwa kwa kutu. Kitambaa cha mafuta kiwe karibu, pangusa kabla ya kufunga kazi.

Ulizeni, nitajibu ninavyojua.

BiUpishi

Wa alaikum salaam fundi, ahsante sana kwa darsa. Mie jikoni kwangu shida ni visu vya chuma cheusi na mbuzi ya kukunia nazi. Ule ulimi wa mbuzi kila baada ya siku kadha umeshika wekundu. Mamangu alikuwa akiupaka tui lililobaki au mafuta ya nazi. Je, yafaa?

FundiKibokoni

@BiUpishi mamangu, mafuta ya nazi yafaa kwa kitu kinachotumika kila siku au baada ya siku mbili. Ni chakula, hayana madhara, na kwa joto letu hayagandi. Tui ndilo usilipake kabisa. Lina maji na sukari, na likichacha linakuwa na asidi, na asidi kwa chuma ni adui mwingine.

Ulimi wa mbuzi uoshe ukimaliza kukuna, usiuache na machicha mpaka jioni. Ukaushe juani au juu ya jiko, kisha pitisha kidole cha mafuta ya nazi. Ila kama wasafiri na mbuzi yakaa miezi, mafuta ya nazi yataharibika na kunuka, na yakiharibika yanatoa asidi. Hapo paka Vaseline, na ukirudi ioshe kwa sabuni kabla ya kukunia.

Mafuta ya alizeti na mengine ya kupikia msitumie kwa kuhifadhi. Yanakauka yakawa kama gundi, na kuyatoa ni kazi kuliko kutoa kutu.

MzeeWaChangamwe

Fundi, umenikumbusha mbali. Marehemu amu yangu alifanya kazi na misafara ya uwindaji kule Tsavo na Voi, alikuwa mbeba bunduki, kabla ya serikali kupiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Alikuwa akitusimulia kwamba jioni, kabla ya kula, bunduki zilimwagiwa maji yanayochemka ndani ya mtutu. Sisi watoto tulishangaa, chuma na maji wapi na wapi. Alituambia mafuta peke yake hayawezi ile sumu ya baruti.

Baadaye nilipokuwa mtu mzima nikapata sababu yake. Zile risasi za zamani, fataki yake, yaani kile kiwashio cha baruti, ilikuwa na potasiamu kloreti. Ikilipuka inaacha ndani ya mtutu potasiamu kloridi, ambayo ni ndugu wa damu wa chumvi ya mezani, na inavuta maji vivyo hivyo. Wazungu waliosafisha kwa mafuta tu walikuta mitutu imetoboka vijishimo. Waliomwaga maji ya moto, wakapitisha ufito wenye kitambaa mpaka kikatoka kikavu, ndipo wakapaka mafuta, bunduki zao zilidumu. Risasi za siku hizi kwa kawaida hazina kemikali hiyo. Lakini kwa mtu wa pwani somo ni lile lile uliloandika juu: chumvi kwanza.

Rangi ile ya buluu iliyoiva kuelekea weusi mnayoiona kwenye bunduki nayo isiwadanganye. Ni oksidi ya chuma iliyotengenezwa kwa makusudi. Kazi yake kubwa ni kushika mafuta yasiteleze. Ikikaa kavu, yaingia kutu kama chuma kingine.

Nyali_Bustani

Mzee shikamoo. Swali langu liko hapo hapo. Mimi nina bunduki ya kulengea shabaha, nina kibali chake, imefungwa kwenye sanduku la chuma kama sheria inavyotaka. Chumba kina kiyoyozi, kwa hiyo hewa ni kavu, tena iko kwenye mkoba wake wa ngozi wenye sponji ndani. Bado nimekuta vidoa vyekundu kwenye mtutu. Nini hasa kinatokea?

MzeeWaChangamwe

Marahaba mwanangu. Utoe kwenye mkoba leo leo. Mkoba ni wa safari tu. Sponji yanywa unyevu na kuukumbatisha kwenye chuma, na ngozi hutengenezwa kwa chumvi na asidi ambazo hubaki ndani yake. Hata jambia au kisu usikilaze ndani ya ala ya ngozi. Kitundike nje, na ala yake kando.

Kiyoyozi chasaidia kama chumba kinakaa hivyo usiku na mchana. Shida ni kuingia na kutoka. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, huanza kudondosha umande ikigusa kitu chenye nyuzi 25 au chini. Chumba chako pengine kiko nyuzi 21. Ukitoa chuma hicho nje kinatoka jasho papo hapo kama chupa ya soda, na ukikirudisha bila kupangusa umefungia maji sandukuni. Ukifika nje kiache kwanza kipate joto la nje, kisha kipanguse. Ukirudi nyumbani, kausha na upake mafuta kabla ya kufunga mlango.

Mafuta ya ndani ya mtutu uyapanguse yote kabla ya kupiga. Mtutu uliojaa mafuta ni hatari. Na wengi husimamisha bunduki mdomo juu, mafuta yakashuka kuelekea kitako na kulainisha mbao. Isimamishe mdomo chini, juu ya kitambaa.

FundiKibokoni

Naongezea kwa @Nyali_Bustani. Hilo sanduku liko chumba gani? Kama ni stoo pamoja na klorini na asidi za bwawa la kuogelea, zitoe hizo kemikali huko. Mvuke wake hula chuma hata kopo likiwa limefungwa. Vile vile silikoni ya kuzibia, ile yenye harufu kali ya siki, ikipakwa ndani ya kabati hutoa mvuke wa asidi mpaka ikauke kabisa. Niliitwa nyumba moja huko huko kwenu, kabati jipya, vifaa vipya, na vyote vimepata wekundu kwa mpigo mmoja. Chanzo kilikuwa silikoni iliyozibiwa kwenye viungo vya kabati.

Vile vipakiti vya silika vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu vinafaa, mradi sanduku lizibe vizuri. Sanduku likiwa na mwanya vitashiba siku chache tu, maana vitakuwa vinajaribu kukausha Mombasa nzima. Vikishiba huwekwa ovenini kwenye joto la nyuzi 120 hivi kwa saa kadha, vikapata nguvu tena, mradi visiwe na karatasi au plastiki ya kuyeyuka. Mchele watu wanausifu, lakini nguvu zake ni ndogo mno.

MvuviMtwapa

Salamu kutoka Mtwapa. Sisi wa baharini hatuna haja ya kusubiri upepo utuletee chumvi, tumo ndani yake. Wazee wetu walikuwa na sifa, mafuta yanayotolewa maini ya papa, ndiyo ya kupaka mbao za majahazi. Na mie nimeona kwa macho, pete za chuma na vichwa vya misumari vilivyoshiba sifa havili haraka. Harufu yake ni kali, hilo sikatai, lakini visu vyangu vya kupasulia samaki vikilala muda mrefu ndiyo navipaka. Waonaje fundi?

FundiKibokoni

@MvuviMtwapa wazee hawakukosea hata kidogo. Mafuta ya samaki yana tabia ya kupenya ndani ya kutu na kukauka polepole yakawa utando. Kuna kampuni ya Marekani, Rust-Oleum, iliyoanza mwaka 1921, na asili yake ni nahodha Robert Fergusson aliyeona mafuta ya samaki yaliyomwagika kwenye sitaha yenye kutu yamesimamisha ile kutu. Kwa hivyo ulilolirithi ufukweni wengine walilitilia kwenye makopo ya rangi.

Kwa chuma cha nje, cha chombo cha baharini, sifa yafaa sana. Kwa patasi na randa siitaki, maana ule utando wanata na kupaka mbao. Kwa hizo mie nayeyusha nta ya nyuki, sehemu moja, pamoja na mafuta ya cherehani sehemu tatu au nne. Kikopo kinakaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe, kwa kuwa mafuta hushika moto. Nta huyeyuka nyuzi 62 mpaka 64, hata maji hayajachemka. Ikipoa inakuwa kama mafuta ya nywele. Paka kwa kitambaa, subiri kidogo, sugua. Chini ya randa inateleza vizuri na haichafui mbao.

Mafuta ya cherehani matupu ni ya kila siku. Ni mepesi, yanashuka na kukauka. WD-40, ile ya kopo la kupuliza, nayo watu wanaitumia kwa kila jambo. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa kazi ya kusukuma maji yatoke kwenye chuma, na kazi hiyo yaifanya vizuri. Itumieni kuanzia, isiwe ya kumalizia. Ikishafukuza maji, fuata na kitu kizito.

Kijana_Majengo

Mimi kwa kutu iliyokwisha shika natumia ndimu na chumvi. Nasugua, inatoka safi kabisa. Wengi hapa jua kali wanafanya hivyo. Sielewi kwa nini fundi waipiga vita chumvi wakati inasafisha.

FundiKibokoni

Nduguyangu, kinachotoa kutu hapo ni ndimu. Chumvi inakwaruza tu, na kazi hiyo hata jivu au mchanga laini waiweza. Ila ukimaliza umekiachia chuma kile kile kinachokiua, tena umekisugulia mpaka kwenye vinyweleo. Baada ya wiki kutu yarudi, na mtu asema chuma kibovu.

Tumia siki tupu. Lowesha usiku mmoja, asubuhi sugua kwa brashi, suuza, kisha chovya kwenye maji ya magadi ili asidi yote ife, suuza tena kwa maji ya moto, kausha kwenye joto na mafuta hapo hapo. Ukichelewa hata dakika chache utaona rangi ya machungwa imerudi, kwa kuwa chuma kilichovuliwa kutu kiko uchi kabisa.

Wahifadhi wa makumbusho ni mashahidi wangu. Chuma kilichotoka chini ya bahari hawakimbilii kukipaka kitu. Wanakiloweka kwenye maji ya alkali miezi, wakati mwingine miaka, ili chumvi itoke ndani. Ile meli ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 na kuchimbwa chini ya maji kuanzia 1977 hadi 1980. Kitu cha chuma kikitoka mahali kama pale na kukaushwa tu, kinapasuka chenyewe kabatini. Ndiyo nguvu ya hiyo chumvi unayoitilia ndimu.

Kijana_Majengo

Nimekuelewa fundi, ahsante. Kuna jamaa aliniambia kutu yaweza kutolewa kwa umeme wa chaja ya betri ya gari. Ni kweli au ni hadithi?

FundiKibokoni

Ni kweli, na kwa chombo kilicholiwa sana hakuna njia ninayoipenda kuliko hiyo, maana haili chuma kizima. Ndoo ya plastiki, maji, magadi kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita nne au tano. Magadi haya haya yanayotoka Ziwa Magadi. Chombo chenye kutu kining'inie na kifungwe kwenye waya wa hasi. Kwenye chanya funga kipande cha chuma cha kawaida, nondo kuukuu yatosha, na viwili hivyo visigusane ndani ya maji. Chaja ya volti 12, washa, utaona mapovu. Baada ya saa kadha kutu imegeuka tope jeusi la kusugua kwa brashi.

Sasa nisikilize vizuri. Usitumie chumvi badala ya magadi, itatoa gesi ya klorini. Usifunge chuma cha pua upande wa chanya, kwa kuwa kromiamu iliyomo huyeyuka ikawa sumu kali majini. Yale mapovu yana haidrojeni, kwa hiyo fanyia uani, mbali na moto na sigara. Zima chaja kabla ya kutia mkono. Springi na vyuma vilivyopashwa moto na kuchovywa vikawa vigumu sana usivitie, vinaweza kuwa vyepesi kukatika. Na sehemu za bunduki mpelekee fundi mwenye leseni, usijaribu nyumbani.

Kwa chuma kisichohitaji kung'aa, kama bawaba za mlango wa kale au grili, kuna njia nyingine. Chemsha magome ya mkandaa, aina ya mkoko, yana tanini nyingi, ndiyo yaliyotumika kutia rangi na kulainisha ngozi. Paka maji yake juu ya kutu iliyosuguliwa na kuoshwa chumvi. Itageuka nyeusi yenye buluu na kutulia, kisha upake nta au rangi. Chai ya rangi iliyokolea sana nayo yafanya hivyo, ila polepole.

BiUpishi

Fundi, mie nimechoka na kutu, nataka kununua vyote vya chuma cha pua. Si ndiyo mwisho wa shida?

MvuviMtwapa

Bi, nikujibu mie kwa hilo, kwa kuwa linatugusa. Chuma cha pua kina kromiamu asilimia 10.5 au zaidi, na hiyo ndiyo inayokikinga. Lakini chumvi hutoboa ile kinga kwa nukta nukta. Aina inayouzwa sana ni 304, na karibu na maji inapata madoa ya rangi ya chai. Kwa vyombo vya baharini tunatafuta 316, ambayo imetiwa molibdenamu. Na hiyo pia huoshwa kwa maji baridi. Visu vya jikoni vya chuma cha pua usiviache vimelala kwenye sinki na maji ya chumvi ya samaki.

LikoniMoja

Shikamooni wakubwa. Mama ana cherehani ya miguu, ile nyeusi ya zamani, na ndiyo inayotulisha. Iko barazani, pepo za baharini zaingia moja kwa moja. Siwezi kuimwagia maji ya moto. Nifanyeje?

FundiKibokoni

Marahaba. Usiimwagie, umefikiri sawa. Chukua kitambaa cha pamba, kichovye maji ya moto yasiyo ya chumvi, kikamue mpaka kisidondoshe, upanguse kila mahali pa chuma kinachoonekana, hasa lile gurudumu, chini ya bamba la sindano na vyuma vya chini vya kukanyagia. Badilisha kitambaa, panguse tena kwa kikavu, iache iote jua kidogo. Halafu tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila tundu la mafuta, ukanyage bila uzi mpaka usikie imelainika. Vyuma vya kukanyagia paka grisi.

Ikiwezekana iingizeni ndani usiku. Ifunikeni kwa shuka la pamba. Nailoni iacheni, inafungia unyevu. Na siku ya kutia mafuta, mama ashone kwanza kitambaa kisicho na kazi, mafuta yaliyozidi yatokee huko na si kwenye buibui la mteja.